Yah: Gazeti Lenu Kuwatelekeza Majeruhi wa Kiwandani

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Magazeti,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mdogo wangu ni mmoja wa vijana walioungua boila ilipopasuka katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Mwandishi wenu alifika hospitali kabla hata ya sisi ndugu. Kesho yake picha ya mgonjwa, uso wazi, ngozi imebabuka, ikatoka ukurasa wa mbele. Hakuna aliyetuomba ruhusa.

Tangu siku hiyo hatujawaona. Meneja aliwaambia chanzo ni "uzembe wa mafundi", nanyi mkachapa hivyo hivyo. Hamkuuliza boila ilikaguliwa lini, na nani, wala OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wamekuta nini. Hamkuuliza kwa nini watu wanaoingia getini kila asubuhi wanaitwa deiwaka, hawana mkataba, na mwajiri hajawahi kupeleka majina yao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Habari yenyewe iko hapo. Mwajiri akishasema "huyu simtambui", majeruhi anabaki kuzunguka maofisini na bahasha ya vyeti vya hospitali, na kila dirisha linamwelekeza dirisha jingine. Kama kuna mwandishi anayefuatilia, meneja hathubutu kusema hivyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kile mlichotoa baadaye: ukurasa mzima wa kukisifu kiwanda kilekile kwa kugawa madawati shuleni. Neno "tangazo" halimo popote, jina la mwandishi wenu limo. Ninajua matangazo ndiyo yanayolipa mishahara yenu. Basi andikeni kwamba ni tangazo.

Kila Desemba mnatukumbusha Bhopal, India, ambako gesi ya kiwanda cha Union Carbide iliua maelfu ya watu usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 mwaka 1984. Sijawahi kumsoma kwenu Rajkumar Keswani, mwandishi wa gazeti dogo la mji huo, aliyeonya kuhusu kiwanda hicho tangu 1982. Walimpuuza, naye hakuacha kuandika. Maofisa wa India wa kampuni hiyo walitiwa hatiani 2010, karibu miaka 26 baada ya gesi kuvuja. Hapa jirani, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipata hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Kesi za namna hii huchukua miaka, na gazeti linaloondoka moshi ukitulia linakiachia kiwanda kazi moja tu, kusubiri watu wasahau.

Ninaomba picha ya mdogo wangu iondolewe mtandaoni wiki hii. Ninaomba wasomaji waambiwe nani alilipia ule ukurasa wa madawati. Tena mtume mwandishi anayejua kusoma orodha ya malipo ya vibarua na ripoti ya ukaguzi, siyo mpiga picha peke yake. Mdogo wangu yuko tayari kuzungumza naye, ila uso wake usionyeshwe.

Ninasubiri majibu kwa maandishi.

Wako,
Dada wa majeruhi,
Keko, Dar es Salaam.

Nakala: Baraza la Habari Tanzania