Mifupa ya mwalimu mmoja

Sofia, Jumapili jioni

Mwalimu mwenzangu, salaam nyingi.

Natumai wewe na watoto hamjambo, na homa ya yule mdogo imekwisha. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa safari. Jana usiku nimerudi kutoka Skopje. Sofia ninapokaa ni mji mkuu wa Bulgaria, Skopje ni mji mkuu wa Makedonia Kaskazini, nchi mbili zinazopakana, lakini hakuna treni ya moja kwa moja kati yao. Unapanda basi, unahangaika na milima, unasubiri mhuri mpakani pale Gyueshevo, na siku yako imeshapotea.

Uliniuliza Wabulgaria na Wamakedonia wanagombania nini, na ukomunisti umeshazikwa zaidi ya miaka thelathini. Swali lako ndilo lililonipeleka. Nilikwenda kuona kaburi.

Kanisa la Sveti Spas liko karibu na soko la kale, na ukipita haraka hulioni. Nusu yake imezama ardhini, maana enzi za Waturuki makanisa hayakuachwa yainue vichwa. Uani kuna sanduku la jiwe, na ndani yake mifupa ya Gotse Delchev. Juu yake mtu alikuwa ameweka mikarafuu myekundu, imeanza kunyauka, imefungwa kwa uzi wa kushonea. Nilisimama pale muda mrefu. Mzee aliyekuwa akifagia majani akanizunguka kwa ufagio wake bila kunisogeza.

Delchev alikuwa mwalimu kama sisi. Alizaliwa 1872 Kukush, mji ambao leo unaitwa Kilkis na uko Ugiriki. Alifundisha Štip, ambayo leo ni Makedonia Kaskazini, kisha Bansko, ambayo leo ni Bulgaria. Alikuwa kiongozi wa chama cha siri kilichotaka Makedonia ijitawale, itoke mikononi mwa Sultani wa Waturuki, na askari wa Sultani wakamuua Mei 1903, miezi mitatu kabla ya Ilinden, maasi makubwa ya Wamakedonia dhidi ya Sultani. Mipaka hii alipokuwa hai haikuwapo.

Na ugomvi wenyewe ulianzia wapi? Utashangaa: Berlin. Si ile ya 1884 unayowafundisha wanafunzi wako, bali mkutano wa 1878, mwenyekiti yuleyule Bismarck. Machi mwaka huo mkataba wa San Stefano, kati ya Urusi na Sultani aliyeshindwa vitani, ulikuwa umewapa Wabulgaria nchi kubwa, Makedonia karibu yote ikiwa ndani. Juni na Julai wakubwa wa Ulaya wakakaa Berlin, wakaichukua Makedonia na kumrudishia Sultani. Hadi leo Wabulgaria husherehekea sikukuu ya taifa tarehe 3 Machi, siku ya ule mkataba uliodumu miezi minne tu. Niliposherehekea nao mara ya kwanza sikuelewa kwa nini wazee wanalia. Sasa naelewa.

Mifupa ya Delchev ilikuwa Sofia. Mwaka 1946 serikali ya kikomunisti ya Bulgaria ikaikabidhi Skopje, kwa sababu Dimitrov, kiongozi wa wakomunisti wa Bulgaria, na Tito, kiongozi wa Yugoslavia iliyokuwa na Makedonia ndani yake, walikuwa wakiota shirikisho moja la Wabalkani. Mwaka 1948 Tito akakosana na Stalin wa Umoja wa Sovieti, Bulgaria ikaenda na Stalin, ndoto ikafa. Mifupa ikabaki Skopje.

Hapo ndipo pana kidonda. Hapa Sofia wanasema: aliandika Kibulgaria, alifundisha katika shule za Kibulgaria, nyaraka zipo, na hicho mnachokiita Kimakedonia ni lahaja yetu iliyosanifishwa 1945 kwa amri ya Tito. Kule Skopje wanajibu: alikufa kwa ajili ya Makedonia, jina lake limo katika wimbo wetu wa taifa, chuo kikuu cha Štip kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 2017 nchi hizi zilitia saini mkataba wa urafiki, ikaundwa tume ya wanahistoria, na tume ikakwama kwa Delchev: alikuwa wa nani? Novemba 2020 Bulgaria, ambayo ni mwanachama, ikawazuia Wamakedonia kuanza mazungumzo ya kuingia Umoja wa Ulaya. Kumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 2019, watu hawa walikuwa wamekubali hata kubadili jina la nchi yao, kutoka Makedonia kuwa Makedonia Kaskazini, ili kuiridhisha Ugiriki. Sasa wanadaiwa waingize Wabulgaria katika katiba yao, na serikali iliyoingia 2024 haijakubali.

Mimi nimeishi hapa, nimekula chumvi ya Wabulgaria na nawapenda. Kuhusu nyaraka, nadhani wana haki. Lakini kumfungia jirani mlango mpaka akubali kwamba lugha ya mama yake si lugha, hilo ni dhuluma, na nimewaambia hivyo kazini, mbele yao. Mtoto aliyezaliwa Skopje akafundishwa kusoma kwa Kimakedonia hakuamriwa na Tito. Kakuta ndivyo nyumbani kwao wanavyosema.

Wamakedonia wenyewe nao wameniuma roho. Katikati ya mji kuna sanamu kubwa mno ya shujaa juu ya farasi, ya 2011, na kila mtu anajua ni Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia ya kale. Wamekwenda kutafuta babu miaka elfu mbili na zaidi nyuma, na mwalimu wao amelala uani, umbali wa kutembea kwa miguu.

Asubuhi kabla ya basi niliingia duka la mikate. Nikaomba mkate kwa Kibulgaria changu: *hlyab*. Mama muuzaji akatabasamu, akaufunga mkate kwa karatasi, akasema taratibu kama unavyomfundisha mtoto: *leb*. Nikarudia, *leb*. Akaongeza kipande cha bureki, andazi lao la matabaka, bila kukitoza. Tulipoagana, neno lake la shukrani na langu lilikuwa karibu moja: yeye *blagodaram*, mimi *blagodarya*.

Nimekuwekea picha ya lile sanduku ndani ya bahasha. Jina la Delchev, Гоце Делчев, nimekuandikia nyuma. Sofia na Skopje huliandika kwa herufi zilezile, hakuna hata moja inayobadilika. Ukifika kwenye somo la Berlin, waonyeshe wanafunzi, kisha uniandikie walichouliza.

Nisalimie mama, na mwambie kahawa yake bado ninayo.

Ni mimi, mwenzako wa chuo.