Risala ya Madaktari Wanaosomea Ubingwa Bobezi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti ya Hospitali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Hospitali, wasimamizi wetu wa tafiti, wauguzi, wataalamu wa maabara, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia wito wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Kwa miaka mingi baada ya hapo, aliyetaka kubobea kwenye moyo au figo alipanda ndege kwenda nje. Leo tunabobea hapa hapa nchini. Historia iliyobaki imo kwenye kabrasha lako.

Mafanikio ni mengi. Kikao cha kusoma majarida kimefanyika kila Alhamisi bila kukosa, ukiacha Alhamisi ambazo projekta iligoma. Bango la utafiti wa mwenzetu limebandikwa kwenye kongamano la kimataifa, tena karibu kabisa na mlango mkuu. Fulana unaziona.

Mheshimiwa, sasa tunaomba sikio lako. Daktari wa ngazi hii hahitimu kwa kutibu peke yake. Lazima aandike pendekezo la utafiti, alitetee, apate kibali cha maadili, akusanye data, achambue na kuandika tasnifu. Kozi nyingi ni za miaka miwili. Kibali kikishachukua muda wake na zamu za usiku zikachukua wake, miezi ya kukusanya sampuli inabaki michache. Sampuli ikiharibika, hakuna nafasi ya kurudia.

Nazo zinaharibika. Vimelea na damu inayosubiri vipimo vya baadaye huhitaji friza ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Sisi tunayo ya nyuzi 20, tuliyoazimwa na idara jirani, ya aina inayojiyeyushia barafu yenyewe. Inafaa sana kwa samaki. Kwa vinasaba vya virusi haifai, maana kila inapoyeyusha barafu joto lake hupanda. Umeme ukikatika usiku, anayeamshwa ni mwenye sampuli, wala si fundi. Wapo wanaonunua barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, kwa fedha zao na kusafirisha vichupa hadi maabara ya mji mwingine. Wapo waliobadili mada: mwenzetu aliyetaka kuchunguza usugu wa bakteria dhidi ya dawa kwenye damu ya watoto wachanga sasa anapekua mafaili ya zamani. Hatudharau mafaili, ila mengi yamenyofoka kurasa.

Zaidi ya yote yupo mgonjwa. Alielezwa, akaelewa, akasaini fomu ya ridhaa, akatoa mkono. Hatujui tumwambie nini damu yake inapomwagwa kabla ya kupimwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi friza, ukumbi ukajaa vigelegele. Mgeni rasmi wa mwaka jana aliahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake, navyo vigelegele vikapigwa, japo kwa sauti ya chini kidogo. Hatumlaumu yeyote, viongozi wetu wana mengi. Upande wetu tulitekeleza: chumba kiliwekwa vigae na soketi yake ikavutwa. Kwa sasa pamehifadhiwa viti vibovu, ambavyo tunaahidi kuviondoa siku friza itakapofika.

Tunachoomba ni friza moja, stabilaiza yake, kuunganishwa na jenereta la hospitali, na mkataba wa matengenezo, kwa kuwa friza isiyo na fundi ni kabati. Mahitaji mengine, yakiwemo ya mtakwimu na ada za kuchapisha makala, tumeyaweka kwenye kiambatisho kwa makusudi, yasije yakalifunika hili.

Kwa heshima kubwa, tunaomba usituambie kwamba ombi limepokelewa. Limeshapokelewa mara mbili. Tunaomba jina la ofisa tutakayemfuata, na tarehe.

Mshereheshaji ametenga muda wa majibu yako kabla ya chakula. Katibu wetu ameketi safu ya mbele na daftari. Karibu sana, Mheshimiwa.

Naomba kuwasilisha.