Malalamiko kuhusu sili ya nyuma ya krenkishafti ya Land Rover Series III

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Spea, Barabara ya Kirinyaga,
Nairobi.

Bwana/Bi,

MINT: NDOANO YA SPRINGI KUNYOOKA, NA KARATASI YA MAELEKEZO YENYE MAKOSA

Jibu mlilotupa kwa simu, kwamba fundi ndiye aliyekosea kufunga sili (raba inayozuia oili kuvuja nyuma ya krenkishafti, shafti kuu ya injini), halipatani na tulichokikuta injini ilipofunguliwa tena. Paketi tuliyonunua kwenu iliandikwa kuwa ya Land Rover Series III, petroli, cc 2,286, beringi kuu tatu. Ndani yake mlikuwa na sili ya mpasuko mmoja, springi yake, na mipira miwili ya pembeni ya kepu (kifuniko) ya beringi ya nyuma. Nakala ya risiti imeambatishwa.

Injini ilitoka ovaholi kamili. Kabla ya kilomita 300 oili ilianza kudondoka kwenye tundu la chini la nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), lile linalozibwa gari likitaka kuvuka mto. Muda si mrefu klachi ikaanza kuteleza, na sahani yake ilipotolewa ilikuwa imelowa chepechepe.

Hatukukimbilia kuilaumu sili. Oili iliyodondoka ni ya injini, 20W-50, si EP90 ya giaboksi, ambayo harufu yake haifichiki. Kipumulio cha injini kilikuwa wazi, kwa hiyo hakukuwa na presha ya kusukuma oili nje. Kava ya vali ilikuwa kavu, na O-ringi ya nyumba ya flaiwili kavu vilevile. Sehemu ya shafti inayoguswa na sili ni laini, haina hata mkwaruzo unaoshika ukucha. Mchirizi wa oili ulianzia kwenye mdomo wa sili wenyewe.

Kwenye krenkishafti hii, flenji inayofungiwa flaiwili ni pana kuliko pale sili inapokaa. Ndiyo maana sili imepasuliwa: hufunguliwa kiasi cha kupita tu, ikavishwa. Springi huzungushwa shafti kwanza, ikaunganishwa kwa ndoano na jicho, kisha ikasukumwa ndani ya mfereji wa sili. Muungano huo hauwekwi kwenye mpasuko wala upande unaoutazama, bali katikati ya hizo sehemu mbili. Hivyo ndivyo ulivyofungwa, na picha tulizopiga kabla ya kepu kurudishwa zinaonyesha. Raba peke yake haiwezi kuubana mdomo ukashika shafti inayozunguka. Kazi hiyo ni ya springi.

Sasa tazameni springi yenu. Tulipotoa kepu, ndoano ilikuwa imenyooka na ncha mbili zimeachana milimita 11, springi imelala mferejini haibani chochote. Tukarudi kwenu tukanunua paketi ya pili, tukaifungua bila kuifunga popote. Ndoano yake tuliinyoosha kwa vidole viwili. Kisha tukatundika spana ya kilo moja kwenye springi ya zamani iliyotoka kwenye injini hiyohiyo, ilivumilia. Yenu mpya ilifunguka kabla mkono haujaachia spana. Huo ni waya laini usiofaa kazi hii, na hakuna ufundi wa kuurekebisha.

Karatasi ya maelekezo nayo ina makosa mawili. Inasema mpasuko wa sili ulinganishwe na kiungo cha vishikizo viwili vya sili, yaani nusu mbili zinazoishikilia. Sivyo: mpasuko hutazama juu, upande wa silinda hedi, mbali na oili inayokusanyika chini. Tena inaagiza mipira ya pembeni ikatwe sawa na uso wa kepu. Inatakiwa ibaki imechomoza milimita 0.8 ili gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) iikandamize. Yenu hata haikuhitaji kukatwa, kwa kuwa ilifika fupi kwa milimita 1.5. Tuliiacha tukatumia ya stoo yetu, tukalainisha ukingo wake kwa tupa na kuiteremsha kati ya vibati viwili vyembamba isikatwe na bloku. Kwa hiyo mipira hatuihusishi na uvujaji huu. Lakini atakayeifuata karatasi hiyo atavuja kwenye pembe zote mbili, na atabadilisha gasketi ya sampu mara tatu bila kujua adui yuko wapi.

Kuifikia sili hii si kazi ya saa moja. Huondolewa bati za sakafu, sanduku la viti, propela, giaboksi pamoja na transfa, klachi, flaiwili na nyumba yake. Oili humwagwa, sampu na kepu ya nyuma hushushwa. Mafundi wawili walitumia siku mbili. Tunadai paketi mbili shilingi 8,400, gasketi ya sampu 1,500, oili lita 7 shilingi 6,300, sahani ya klachi 9,500 na kazi 18,000: jumla shilingi 43,700, zilipwe kwa M-Pesa kwa namba iliyolipia, ndani ya siku 14.

Tunaomba pia paketi zilizobaki ziondolewe rafuni leo. Magari haya bado yanapanda Limuru na kushuka Magadi kila wiki, na klachi iliyolowa oili haichagui mahali pa kuteleza.

Muuzaji wenu aliambiwa aina ya injini kabla ya kutoa paketi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ifae kazi ambayo muuzaji alielezwa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Kibao cha “mali ikiuzwa hairudi” kilicho kaunta yenu hakijibu hoja hiyo.

Springi zote mbili, sili na karatasi tumezihifadhi. Tumeni fundi wenu, si mtu wa pikipiki, aje na spana yake ya kilo moja aitundike mwenyewe. Hatutamkabidhi mtu chochote bila sahihi.

Wako mwaminifu,

Fundi Mkuu wa Injini
Kwa niaba ya gereji,
Eneo la Viwandani, Nairobi