Somo yangu, mjomba ametutoka

Ngamiani, Tanga

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Natumai hamjambo, wewe, shemeji na watoto. Rambirambi zako zimefika, nami nilimsomea mama. Sasa matanga yameanuliwa, nimepata nafasi ya kukuandikia habari za mjomba.

Msibani kila aliyesimama alimtaja kama askari wa Vita vya Kagera. Ni kweli, na nilifarijika kusikia. Novemba 1978, Mwalimu alipotangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tunavyo, mjomba alikuwa kijana wa mgambo, akikata mkonge huko Amboni. Akaondoka na wenzake. Walivuka Mto Kagera pale Kyaka, ambako majeshi ya Amin yalikuwa yamelivunja daraja, wakaingia Mutukula, wakasonga kwa miguu hadi Masaka. Mapigano yenyewe hakupenda kuyasimulia. Ukimuuliza atakwambia habari za mvua, matope na buti zilizolowa wiki nzima, basi.

Ila alikuwapo mwenzake, kijana wa Muheza, waliyekula sahani moja tangu siku ya kuondoka. Huyo aliuawa Machi 1979 pale Lukaya, penye kile kinamasi, Walibya walipokuja kumsaidia Amin. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, yeye hayupo. Mjomba aliporejea, kabla hata ya kufika kwao Tanga, alishuka Muheza kwenda kumwona mama wa marehemu.

Tangu hapo yule bibi akawa mama yake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua. Tunapanda basi asubuhi, mjomba kapakata kifurushi: sukari, doti ya kanga, majani ya chai. Tukifika anavua shati, anateka maji, kisha anapanda juu ya nyumba kukagua makuti. Yaliyochakaa anayabadilisha mwenyewe. Bibi alipozeeka sana akawa anamwita kwa jina la mwanawe aliyekufa vitani. Mjomba anaitika palepale, "Naam, mama," na anashuka kumsikiliza. Sikumsikia hata mara moja akimsahihisha.

Na bibi alipofariki, mjomba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, nafasi ya mtoto wa kumzaa.

Hayo hayakutajwa msibani, somo yangu, kwa sababu wengi hawakuyajua. Yeye hakuwa mtu wa kujitangaza. Mimi nataka wanangu wayajue, na wako pia. Ushujaa wa vitani ninauheshimu, lakini huu wa miaka yote ile ya Muheza ndio unaonitoa machozi ninapoandika.

Wajukuu wa yule bibi walikuja wote, na magunia ya machungwa, wakalala hapa mpaka tanga lilipoanuliwa. Wamesema hata hitma ya arobaini watakuja. Tutaisoma hapa nyumbani baada ya alasiri. Ukijaliwa, njoo, utafikia kwangu.

Nisalimie shemeji.

Wasalaam,
Somo yako