Nikisema ni kansa, kwetu watasema ni karuho

Mshauri wetu, nakusalimia pamoja na wasomaji wote.

Mimi ni mama wa miaka 41, nakaa Kadutu hapa Bukavu, nauza vitenge sokoni. Mwezi wa tatu, nikioga, niligusa kitu kigumu kama punje ya haragi kwenye titi la kushoto. Kilikuwa hakiumi, nikakiacha. Kilipofika ukubwa wa limau ndipo nikaenda hospitali, wakatoa kinyama cha kupima. Jibu limetoka: kansa ya titi. Karatasi imeandikwa Kifaransa, na binti yangu wa kwanza anakisoma kuliko mimi, basi nimeikunja nikaizika ndani ya kopo la unga wa muhogo.

Daktari alinieleza kwa upole. Nitaanza na dawa za kutundikiwa, kila baada ya siku 21, halafu nipasuliwe, na kwa mionzi itabidi nivuke mto Ruzizi niende Kigali, Rwanda. Nywele zitaanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu. Kwa hiyo siri hii siku zake zinahesabika.

Mume wangu yuko Kamituga kwenye dhahabu. Nilipomwambia kwa simu alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema, "Mama watoto, usimwambie mtu wa kwenu mpaka nifike." Najua anachoogopa, maana hata mimi nakiogopa.

Mama yangu mdogo alikufa mwaka 2009. Titi lake lilipasuka, likawa linatoa maji yenye harufu, na sisi wasichana ndio tuliofua vitambaa. Hakuna aliyetamka kansa. Ilisemwa ni karuho, yaani kalishwa sumu na mke mwenza. Akapelekwa kwa mganga wa kienyeji, akatapishwa kwa majani mpaka nguvu zikamwisha. Na yule mke mwenza, usiku wa matanga, mabati yake yalirushiwa mawe. Alitoka na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi, akaenda Uvira, hajarudi hadi leo. Siku hizi nikifumba macho namwona yeye kuliko marehemu.

Sasa mimi na mke wa kaka yangu tulikosana juu ya deni la kitenge, na siku ya Pasaka nilikula bugali na visamaki vya sambaza nyumbani kwake. Swali la kwanza la mama litakuwa, "Ulikula kwa nani?" Na jibu analo tayari.

Kunyamaza nako siwezi. Daktari aliniuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua titi. Nilipomtaja mama mdogo akaandika, akasema wadogo zangu wa kike nao waje wapimwe. Ninao wawili. Nitawaitaje bila kuwaambia sababu?

Jumapili nilikwenda Bagira kwa mama nikiwa nimeamua. Nilimkuta anachambua majani ya sombe. Nikaanza, "Mama, nilifika hospitali." Mkono wake ukasimama na jani katikati ya vidole. "Ni tansio?" Nikaitika ndiyo, ni presha. Akaniambia nipunguze chumvi, akanifungia ndizi za wajukuu. Nililia njia nzima ndani ya teksi, ndizi zikiwa mapajani.

Nimefikiri nianze na huyo mke wa kaka yangu. Nimlipe deni lake, nimweleze kila kitu, halafu tuingie kwa mama sisi wawili, tukae mkeka mmoja, aone kwa macho yake kwamba simshuku. Lakini mama akijua kwamba mkwe alisikia kabla yake, ataumia sana. Njia nyingine ni kumwomba daktari aseme mbele ya wote, ila kwetu wazee wakiitwa hospitali wanajua wameitiwa kifo.

Walioyapitia haya, nisaidieni. Mlianza na nani, na neno lenyewe mlilisemaje? Na je, nivunje neno la mume wangu? Atashuka mwezi wa kumi na mbili. Dawa ya kwanza ni tarehe 6 ya mwezi ujao, na hospitali wanataka nije na mtu wa kwetu wa kunishika mkono.

Mama wa watoto wanne, Kadutu