Risala ya Kikundi cha Wazalishaji wa Mbegu za Muhogo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakulima

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wataalamu wa kilimo, wazee wetu, wanakikundi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama. Tunajua majukumu yako ni mengi na barabara ya huku baada ya mvua si rafiki wa gari lolote. Umekuja, na sisi tumefarijika sana. Karibu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianzishwa na wakulima wachache waliochoka kuchimba muhogo uliooza. Leo kimesajiliwa, kina katiba na akaunti benki. Kwa kipindi kifupi tumepata mafanikio makubwa: tuna shamba la pamoja la mbegu ya muhogo aina ya Kiroba, tumenunua baiskeli ya kikundi, banda letu la Nane Nane lilisifiwa na viongozi, na vijana wetu wamefundishwa na watafiti kuchukua sampuli za majani, hata vijiji jirani huja kuwaazima.

Baada ya kusema hayo, tunaomba tuingie katika jambo lililotufanya tukualike.

Magonjwa yanayotutesa si mageni. Batobato iliandikwa na wataalamu mwaka 1894 katika ardhi hii hii ya Tanganyika, na michirizi kahawia mwaka 1936 huko Amani, Usambara. Yote mawili husababishwa na virusi, na huenezwa na inzi weupe na kwa pingili tunazopanda. Batobato unaiona, jani linajikunja na kuingia manjano. Michirizi kahawia ina hila zaidi: mti unaweza kusimama vizuri, ukichimba unakuta muhogo umekauka ndani kwa madoa ya kahawia. Kwa hiyo mzalishaji wa mbegu anayetegemea macho yake peke yake anaweza kumuuzia jirani ugonjwa bila kujua, na jirani naye akampa mwingine.

Dawa ya hilo ni kupima vinasaba vya virusi hivyo. Watafiti wakiwemo Dkt. Joseph Ndunguru wa hapa Tanzania, Dkt. Titus Alicai wa Uganda na Dkt. Laura Boykin, mwaka 2019 walichapisha kazi waliyoifanya chini ya mti, katika shamba moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Walitumia mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani: uzi wa DNA, yaani kinasaba chenyewe, unapita katika tundu dogo mno, mkondo wa umeme unabadilika kadiri herufi za kinasaba zinavyopita, na kompyuta inazisoma. Tangu kufika shambani hadi jibu la awali hazikupita saa 3. Sisi sampuli zetu husafiri hadi maabara ya mbali, na majibu hutukuta tumeshapanda.

Lakini Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba hapa utusikilize kwa makini. Virusi walivyovinasa siku zile ni vya batobato, ambavyo ni vya DNA. Vya michirizi kahawia ni vya RNA, aina nyingine ya kinasaba, na RNA huharibika upesi jani likishachumwa, hasa katika joto la pwani. Vimeng'enya vingi vya kupimia, yaani protini zinazoendesha kipimo, navyo hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mashine inatembea, baridi haitembei. Watafiti wako tayari kuja kwetu kila msimu, ila wanauliza swali moja: sampuli na vimeng'enya mtaviweka wapi?

Jibu letu ni lile jengo unaloliona nyuma ya mwembe. Wanakikundi tulifyatua matofali wenyewe na kupandisha kuta hadi kwenye lenta. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi mabati, tukapiga makofi. Aliyefuata akasema tuandike barua, tukaandika. Tukaambiwa haionekani, tukaandika nyingine, na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa tumeiambatanisha na risala hii. Mwingine alisema jokofu liko njiani. Hatuyasemi haya kumlaumu mtu, na wewe hukuwepo. Tunayasema kwa sababu kuta zisizo na paa zinanyeshewa, na wapo wanakikundi waliojitoa wakisema viongozi wao wanawadanganya.

Tunaomba mambo yanayokwenda pamoja: mabati na mbao za kuezekea, jokofu la kugandisha, na umeme wa jua wenye betri, maana umeme wa gridi ukikatika usiku mmoja vimeng'enya vya msimu mzima vinaharibika. Jokofu bila umeme wa uhakika tutakuomba uahirishe kulileta. Fundi, mchanga na ulinzi ni juu yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, utakaposimama kuzungumza tunaomba utaje kipi utakianza na kwa tarehe ipi. Katibu wetu yuko tayari na daftari la muhtasari, na mvua za vuli ziko karibu.

Tunaomba kuwasilisha.