Barua kwa Mwanaidi kabla hajavuka Holili

Njiro, Arusha

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam alaikum. Huku sote wazima, kinachotusumbua ni baridi tu. Ujumbe wako wa sauti niliufungua ndani ya daladala bila vipokea sauti, kwa hiyo abiria wote wa Njiro wanajua kuwa hoteli ya hapa Arusha imekuita kazini. Wanakupongeza. Nami nimeona nikuandikie, maana ya mdomo nitayasahau nusu.

Unauliza, si ni kama nyumbani tu, lugha moja, mpaka wenyewe hapo Taveta? Hilo ndilo linalowaponza wengi. Mtu akienda Uturuki huuliza kila kitu, hata choo kikoje. Akija Arusha hubeba begi na kujiamini.

Tuanze na karatasi tuzimalize. Pale Holili, upande wa Tanzania wa mpaka, utagongewa muhuri wa mgeni, na muhuri ule ni wa matembezi, haukuruhusu kushika hata mwiko. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, cha ukaazi na Uhamiaji. Ni viwili mbalimbali, na mwajiri ndiye mwenye kazi ya kuvishughulikia. Ataulizwa kwa nini hakupata Mtanzania wa kazi hiyo na nani atafundishwa ili aje ashike nafasi yako, basi usione vibaya wakikupa kijana wa kumfundisha. Mwambie mwajiri aanze sasa, na kule kazini kwako Nyali usiage mpaka uione karatasi kwa macho. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti.

Kaka yako na mpango wake wa kutengeneza simu huku, mwambie asubiri kwanza. Tangu Julai 2025 kuna amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, na kutengeneza simu imo. Imo pia uwakala wa pesa kwa simu, kuongoza watalii, maduka ya rejareja, na saluni isipokuwa ya hotelini au ya shughuli za utalii. Kwa hiyo ile mipango yenu ya kusuka watu nywele jioni mbele ya nyumba, ikunje uiweke kabatini. Ukiniuliza mimi, naona amri hiyo haipatani na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 2010, tena makao makuu ya Jumuiya yenyewe yako hapa hapa mjini, nayapita kila siku. Lakini maoni yangu hayampi mtu leseni.

Sasa nyumba, na hapa ukae kitako unisikilize, maana ndipo akiba yako itakapokwenda kwa siku moja. Sisi Mombasa tumezoea kodi ya mwezi na amana. Hapa mwenye nyumba anataka ya miezi sita, mwingine ya mwaka mzima, yote mkononi kabla godoro halijaingia. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake, na wako wanaodai pesa ya kukuonyesha tu, upende usipende. Usimpe mtu wa namna hiyo nauli ya zaidi ya nyumba moja kwa siku, atakuzungusha mpaka jioni kwenye vibanda anavyojua fika hutavitaka. Uliza umeme. Kama nyumba ina luku yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, vizuri. Kama mita ni ya wapangaji wote, kila mwezi mtakuwa na kikao cha nani ana friji na nani anapiga pasi usiku. Na mwenye nyumba akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kwa adabu kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Shilingi yetu moja ni kama ishirini za huku, kwa hiyo usizimie ukisikia laki.

Njiro kuzuri lakini kodi inauma. Kazi yako iko katikati ya mji, ningekushauri Sekei au Kijenge, asubuhi ukiamua unatembea. Sakina pia pana nyumba nyingi, ila barabara ile ya kwenda Namanga asubuhi utaijua mwenyewe.

Ukishapewa ufunguo, kabla hata ya mapazia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Si hiari kama unavyodhani. Benki watataka barua ya utambulisho, na barua hiyo inatoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Muulize na balozi wako wa nyumba kumi ni nani, umpitie. Kwetu unaweza kuishi Bamburi mpaka unazeeka na chifu asijue sura yako. Huku mtu akikaa bila kujulikana ndiyo jambo la kuulizwa.

Na ukishajulikana, michango. Shoga, michango! Nilikuwa sijapata hata sufuria ya pili nilipoletewa kadi ya harusi ya binti wa nyumba ya tatu, watu tunaosalimiana langoni tu. Kadi za huku zina daraja: ya mtu mmoja ina kiwango chake, ya wawili ina chake, na ukitoa pungufu huna kiti ukumbini. Kuna kamati, kuna mweka hazina, na kuna kundi la simu ambamo majina ya waliotoa yanasomwa kila wiki, ili wewe ambaye hukusomwa ujisikie. Halafu bibi harusi huyo huyo ana kicheni pati, sherehe ya wanawake ya kumfunda, na sendofu, ya kuagwa kwao, na zote zina kadi. Mimi naona wamezidisha, na nimewaambia. Wakacheka, wakaniandika kamati ya chakula.

Lakini toa, hata kidogo, na ikitokea msiba nenda ukakae, ukamenye ndizi na wenzio. Mama yake yule binti, baada ya harusi, alikuja na mkungu wa ndizi, akaingia jikoni kwangu moja kwa moja na kunifundisha mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, tena kwa ukali, kwa sababu nilitaka kutia nazi. Homa iliponilaza ni yeye aliyemchukua mwanangu shule na kumrudisha, wala sikumwomba. Ofisini kwetu kuna Wakenya wanaoishi wao kwa wao, wanakutana Jumapili kulalamika kuhusu ugali. Hao nyumba zao zikikatika maji hawajui wamgongee nani.

Nikitaja maji, hili ni la mtoto wako, usilipuuze. Miamba ya mlima Meru ni ya volkano na maji yanayotoka humo yana floraidi nyingi. Ndiyo maana kule Maji ya Chai na Usa River utawaona watu wazima wenye meno ya kahawia. Si uchafu, ni maji waliyonywa utotoni meno yakiota. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haitoki, inabaki ile ile kwenye maji yaliyopungua. Kwa hiyo ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto nunua ya dukani, ile mitungi mikubwa. Ya visima usimpe kabisa.

Kwa chakula utafurahi kuliko mimi, wewe ni mpishi. Tengeru soko kubwa ni Jumatano na Jumamosi: maparachichi, karoti, ndizi za kila aina, bei inatia aibu. Samaki ni wa maji baridi, sato, na wa baharini sahau. Biriani ya mjini, Mungu anisamehe, ni wali uliotiwa rangi. Ukiwapikia ya kwetu hapo hotelini watakupandisha cheo kabla kibali hakijakauka wino.

Juni mpaka Agosti kuna baridi ya ukungu, mlima hauonekani wiki nzima. Leta sweta, na soksi za kulalia. Utaulizwa Simba au Yanga kabla ya kuulizwa unatoka wapi. Chagua mapema, ukisema Gor Mahia watakuhurumia.

Basi la kutoka Mombasa kupitia Voi na Moshi ndilo zuri. Ila tarehe uliyonitajia ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na asubuhi maduka mengi yanafungwa mpaka saa nne. Njoo na chakula cha mtoto ndani ya begi.

Kuna nyumba nimeiona Sekei, chumba na sebule, choo ndani, luku yake. Mwenyewe ni mama mjane, amekubali miezi mitatu kwanza badala ya sita, kwa sababu jirani yangu wa mtori ni wifi yake. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nipigie, na ujumbe wa sauti usitume tena.

Msalimie mamako na wote wa Kisauni.

Wako,
Rukia